Kutoka Maabara ya Vipimo hadi Meza ya Nyumbani: Historia ya Kisanduku cha Kelele

Sintesaiza ya kelele ni chombo kidogo kinachotoa mlio bila uzi, ngozi wala pumzi ya mpigaji, kwa kuufanya mkondo wa umeme upande na kushuka mara nyingi kwa sekunde kisha kuupeleka kwenye spika. Na ikiundwa nyumbani huwa ni chipu moja au mbili, rezista (vizuizi vya mkondo) na kapasita (vihifadhi vya chaji) chache, betri ya volti 9 na kisanduku chochote ambacho fundi amekipata karibu. Masimulizi ya muziki wa kielektroniki huanza mara nyingi na studio za redio za Ulaya na mitambo ghali ya Marekani, na kisanduku hiki, kikitajwa, hutajwa kama mchezo wa vijana uliofuata nyuma ya kazi za wakubwa. Mpangilio huo unapotosha. Sehemu kubwa ya viungo vya kisanduku ilibuniwa na watu waliokuwa wakipima kitu au wakihesabu muda, wala hawakuwa wakitafuta muziki, na historia yake ni historia ya namna vifaa vya vipimo vilivyoshuka bei, vikapungukiwa na hatari, na hatimaye vikachorwa kwenye karatasi ambayo mtu asiye mhandisi aliweza kuifuata.

Mfano wa mapema ulio wazi ni saketi ya Wafaransa Henri Abraham na Eugène Bloch, iliyobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuchapishwa mwaka 1919. Mawasiliano ya kijeshi yalihitaji njia ya kuhakiki masafa ya mitambo ya redio, na masafa ni idadi ya mara ambazo wimbi hujirudia kwa sekunde moja, idadi inayopimwa kwa hezi. Abraham na Bloch waliziunganisha valvu mbili, yaani zile chupa za kioo zilizotangulia transista, kwa namna ambayo moja ikipitisha mkondo huizuia ya pili, hadi kapasita inapofikia kiwango fulani cha chaji na zamu ikageuka, na mgeuko huo ukaendelea bila kukoma. Wimbi litokalo humo halipandi na kushuka taratibu bali hukatika ghafla juu na chini, ndiyo maana huitwa wimbi la mraba, na ndani yake limebeba hamoniki nyingi, yaani mawimbi madogo ambayo masafa yake ni mara mbili, mara tatu na kuendelea ya masafa ya msingi. Kwa mpimaji wa redio hamoniki hizo zilikuwa kama alama za rula, ambazo kwazo aliweza kusoma masafa ya juu asiyokuwa na kipimo chake. Kwa sikio, hizo hizo ndizo zinazoupa mlio ule ukali unaokwaruza ambao miongo kadhaa baadaye ungetafutwa kwa makusudi.

Teremini, ala inayopigwa bila kuguswa, nayo ilizaliwa katika mazingira kama hayo, kwa sababu mwaka 1920 Lev Termen alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya fizikia mjini Petrograd, akitengeneza kifaa cha kupima tabia ya umeme ya gesi, alipotambua kwamba mkono ukikaribia saketi hubadilisha mlio unaosikika kwenye spika za masikioni. Mjini Berlin, mwaka 1930, Friedrich Trautwein aliionyesha ala aliyoiita trautonium, ambayo mlio wake ulitokana na taa ndogo ya neoni: kapasita hujaa chaji polepole, na chaji ikifika kiwango fulani taa huwaka na kuimwaga yote kwa ghafla, kisha kazi huanza upya. Saketi inayofuata utaratibu huu wa kujaa na kumwagika huitwa osileta ya kulegea (osileta ni saketi inayotoa wimbi lenye kujirudia), na ndiyo iliyomo katika visanduku vingi vya kelele hadi leo. Telefunken ilijaribu kuuza trautonium ya nyumbani kuanzia mwaka 1933 bila mafanikio ya kibiashara. Oskar Sala, mwanafunzi wa ala hiyo, aliiendeleza kwa miongo mingi, akaiongezea uwezo wa kutoa milio ambayo masafa yake ni nusu, theluthi au robo ya masafa ya juu, na sauti zake zilitumika katika filamu ya Alfred Hitchcock, The Birds, ya mwaka 1963. Nusu, theluthi na robo hizo zitakutwa tena katika chombo cha bei ndogo sana.

Kikwazo kikubwa kwa fundi wa nyumbani wa enzi ya valvu kilikuwa hatari. Saketi ya valvu kwa kawaida ilihitaji volti mia moja au zaidi, kiasi kinachoweza kuua, kwa hiyo mtu asiye na mafunzo hakuweza kuchezea waya zake wala kubadilisha viungo wakati chombo kikilia. Transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947, iliufanya umeme wa betri utoshe, ingawa ilichukua zaidi ya muongo mmoja kabla bei yake haijashuka hadi kufikia mfuko wa kijana wa shule. Mabadiliko hayo yanaonekana katika maisha ya Robert Moog, ambaye jina lake baadaye lilihusishwa na sintesaiza kubwa za studio. Mwezi Januari 1954, akiwa na umri wa miaka 19, Moog alichapisha katika jarida la Radio and Television News maelezo ya kuunda teremini ya valvu, na mwaka 1961 akachapisha katika Electronics World maelezo ya teremini ya transista, akawa anawauzia wasomaji kifurushi cha vipuri vyake kwa takribani dola 50. Biashara hiyo ndiyo iliyoitegemeza karakana yake kabla hajaanza, mwaka 1964, kazi ya sintesaiza pamoja na mtunzi Herbert Deutsch. Kwa hiyo chombo cha nyumbani kilikitangulia chombo cha studio, na jarida la mafundi lilikuwa shule na soko kwa wakati mmoja.

Majarida ya Uingereza yaliendeleza jambo hilo katika miaka ya 1970. Practical Electronics lilichapisha mfululizo wa maelezo ya sintesaiza kamili kuanzia mwaka 1973, na mwaka 1978 Electronics Today International likachapisha Transcendent 2000 ya mhandisi Tim Orr, ambayo Bernard Sumner wa kundi la Joy Division alijiundia mwenyewe. Hata hivyo vyombo hivyo bado vilikuwa vigumu: vilikuwa na vipuri vingi na kinanda cha kusawazishwa sauti, na vilidai miezi ya kazi na subira ya mtu aliyekwisha kuzoea kulehemu. Lengo lake lilikuwa kuifikia sintesaiza ya dukani kwa gharama ndogo. Kisanduku cha kelele hakikuwa na lengo hilo, na ili kizaliwe ilihitajika chipu ambayo peke yake ingekuwa osileta.

Chipu hiyo ni 555, na mbunifu wake, Hans Camenzind, anastahili nafasi kubwa zaidi katika historia ya muziki kuliko anayopewa. Camenzind alizaliwa Zurich mwaka 1934, akahamia Marekani mwaka 1960, na mwaka 1971 alikuwa ameiacha ajira katika kampuni ya Signetics ya Kalifornia ili awe mhandisi wa mkataba anayeifanyia kampuni hiyo hiyo kazi. Alitaka kutengeneza kihesabu muda, yaani saketi ya jumla ambayo mnunuzi angeipangia muda kwa kuchagua rezista na kapasita tu. Mchoro wake wa kwanza ulihitaji miguu 9, jambo lililoifanya chipu iwe kubwa na ghali, lakini akiendelea kuutafakari aligundua njia ya kuutoa mmoja, na kwa miguu 8 chipu ikaingia katika kasha dogo lililokuwa la kawaida sokoni. Ndani yake rezista tatu za kiloomu 5 kila moja huigawa volti ya betri katika theluthi. Kapasita iliyo nje hujaa hadi theluthi mbili, chipu huifungulia njia ya kumwaga chaji hadi theluthi moja, kisha huifunga ijae tena. Na kwa kuwa mipaka yote miwili inatokana na betri yenyewe, masafa hubaki yale yale hata betri ikianza kuchoka. Signetics ilianza kuiuza mwaka 1972 kwa senti 75, na kampuni nyingine nyingi zikaiiga, hata ikafikia kutengenezwa kwa mabilioni.

Chipu iliyokusudiwa taa za kumwekamweka, kengele na mashine za viwandani ilikuwa pia na nguvu ya kuendesha spika ndogo bila amplifaya, kwa sababu inaweza kutoa hadi miliampea 200. Ukibadili rezista moja kwa potenshiometa, yaani rezista inayozungushwa kama kile kitufe cha sauti cha redio, mlio hupanda na kushuka kwa mkono. Lakini mlio mmoja wa mraba huchosha haraka, na hapo ndipo ulipoingia mchoro uliokifanya kisanduku cha kelele kijulikane.

Mchoro huo ulitolewa na Forrest Mims, Mmarekani ambaye mwaka 1969 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa MITS, kampuni iliyokuja kutoa kompyuta ya Altair 8800 baada ya yeye kuondoka. Mims aliandika vitabu vidogo vilivyouzwa katika maduka ya vipuri ya Radio Shack, na upekee wake ni kwamba kila ukurasa, michoro na maandishi pamoja, uliandikwa kwa mkono. Kimojawapo, Getting Started in Electronics cha mwaka 1983, kimeuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Katika Engineer's Notebook ya mwaka 1980 aliweka saketi ya 555 mbili, ambayo aliirudia mwaka 1984 chini ya jina lingine, na baadaye kundi la waundaji wa ala likaiita Atari Punk Console kwa kuwa mlio wake unafanana na wa michezo ya zamani ya video.

Akili ya saketi hiyo inadai maelezo, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha kelele hii na mlio wa kengele ya mlango. Chipu ya kwanza ni osileta inayopiga bila kukoma, na kila pigo lake huichochea chipu ya pili, ambayo kazi yake ni kutoa mpigo mmoja wa muda uliopangwa kisha kungoja. Mpigo wa chipu hiyo ya pili ukiwa bado haujaisha, vichocheo vinavyofika katikati hupuuzwa. Chipu ya kwanza ikipiga mara 1,200 kwa sekunde na mpigo wa chipu ya pili ukiwa mfupi, sauti itakuwa hezi 1,200. Mpigo ukirefushwa ukapita kichocheo kimoja, sauti huanguka mara moja hadi 600, kisha 400, kisha 300, bila kupitia masafa yaliyo katikati. Anayezungusha potenshiometa ya pili husikia ngazi, na ngazi hizo ni zile nusu, theluthi na robo za Oskar Sala, zikipatikana sasa kwa chipu mbili za senti kadhaa.  Mims aliuchora ukurasa mmoja ulio wazi, na uwazi huo umefanya kazi kubwa kuliko matangazo ya kampuni yoyote.

Kulikuwa pia na mkondo mwingine, ambao haukutoka kwenye mchoro wowote bali kwenye kidole. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 huko Cincinnati, Reed Ghazala, akiwa bado kijana, alisikia milio ya ajabu ikitoka katika dawati lake, ambamo amplifaya ndogo ya mchezo ilikuwa imegusa chuma na kupiga shoti, naye akaanza kuzitafuta shoti hizo kwa makusudi ndani ya vifaa vya betri. Mjini Amsterdam, katika kituo cha STEIM kilichoanzishwa mwaka 1969, Michel Waisvisz na wenzake waliunda Kraakdoos, kisanduku chenye amplifaya moja ya chipu ambayo njia zake za umeme zimeachwa wazi juu ili mpigaji aziguse, ngozi yake ikawa rezista inayobadilika kwa jasho na mgandamizo. Takribani visanduku 4,000 vilitengenezwa. Yote haya yasingewezekana katika enzi ya valvu bila mtu kuumia, na kwa hiyo kushuka kwa volti ni tukio la kisanaa sawa na kushuka kwa bei.

Afrika ya Kati ina sura yake, ingawa ni jamaa wa kisanduku hiki zaidi kuliko kuwa kisanduku chenyewe. Mjini Kinshasa, kundi la Konono No. 1, lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu katika miaka ya 1960, liliitia likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba na jamaa ya ilimba ya Wagogo, vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za magari mabovu, na kuipaza kwa vipaza sauti vilivyokuwa karibu, hadi mlio ukapasuka na kuwa na mkwaruzo. Nia ilikuwa kusikika mtaani penye kelele za mji. Mkwaruzo uliotokea ukakubaliwa na wachezaji na wasikilizaji kuwa sehemu ya muziki, na albamu ya Congotronics ya mwaka 2004 ikaupeleka mbali, mahali ambapo waundaji wa visanduku waliutambua mara moja.

Mikondo hii ya mchoro na ya kidole iliunganishwa na Nicolas Collins, mwanafunzi wa zamani wa mtunzi Alvin Lucier aliyefundisha katika shule ya sanaa ya Chicago, ambaye kitabu chake Handmade Electronic Music kilitoka mwaka 2006. Collins anamwongoza mtu asiyejua umeme, na kumkataza kabisa kufungua kifaa kinachochomekwa ukutani. Osileta yake ya msingi haikutumia 555 bali chipu ya 74C14, yenye vigeuzi sita vya aina iliyobuniwa mwaka 1934 na Otto Schmitt, mwanafunzi wa Marekani aliyekuwa akichunguza jinsi mishipa ya fahamu ya ngisi inavyopitisha ishara: kigeuzi kama hicho hakiyumbi kwa ishara ndogo, bali hungoja ivuke mpaka wa juu ndipo kigeuke, na irudi chini ya mpaka wa chini ndipo kirejee. Rezista moja na kapasita moja zatosha kukifanya kilie, kwa hiyo chipu moja hutoa sauti sita. Zikichanganywa, sauti zilizokaribiana kwa masafa hupandana na kuachana kwa mdundo wa taratibu. Na sauti moja ikitumiwa kuifungia na kuifungulia nyingine, ngazi za Mims hurudi, safari hii zikiwa zimevurugika kiasi kwamba hata aliyezilehemu hawezi kujua mapema zitaangukia wapi.