Mashine ya Kuchonga Chuma (kuiongoza kwa kompyuta)
Kugeuza mashine ya mkono ni kuvua magurudumu yake na kufunga mota katika parafujo zake, ili hesabu ya kompyuta ishike mahali pa kiganja cha fundi. Na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, kwani mashine ya kwanza ya kuongozwa kwa hesabu, iliyodhihirishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, ilikuwa mashine ya kuchonga chuma aina ya Cincinnati Hydro-Tel iliyobadilishwa. Ulegevu wa parafujo kuukuu, ambao mkono stadi huuhisi na kuufidia, mota haiuhisi. Hivyo parafujo za gololi, zenye ulegevu mdogo mno, zastahili kufungwa kabla ya mota. Kwa karakana za Kenya, kama za Kitale yenye mashamba ya mahindi, na Bungoma yenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, faida ni dhahiri: kipuri adimu cha mashine za shamba au kiwanda huchongwa papo hapo. Lakini umeme ukikatika, mota za hatua, yaani zizungukazo hatua kwa hatua, hupoteza mahali zilipo, na fundi hana budi kuirejesha mashine kwenye sifuri.