Majani ya Kisii na Nyamira: kutoka mizani hadi mnada

Sisi wa Mombasa twaiona chai ya Kisii na Nyamira ikishafungwa, yangoja mnada uliohamia kwetu kutoka Nairobi mwaka 1969. Hesabu yake huanzia mbali: mizani ya kielektroniki vituoni, kabla majani hayajafika Kebirigo, Sanganyi au Nyamache.

Programu ya kusimamia uzalishaji huunganisha uzani huo na kunyausha, kukata, kuchachusha, kukausha na kupanga madaraja, kisha ikapeleka hesabu ofisini. Kilo 1 ya chai kavu hutaka majani mabichi kama kilo 4.5. Uwiano ukiharibika, ofisi ijue siku ile ile, si wakati wa bonasi (ambayo huko ndiyo karo ya shule). Naona mkulima naye afunguliwe hesabu hiyo, asomewe kilo zake hadi bei ya mnada.