Kila Rais na Nyumba Yake

Nchi inayoandaa mkutano wa marais huwa na hofu moja kubwa: mgeni asije akakosa pa kulala. Nikisoma historia ya OAU kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nimeona hofu hiyo ikijenga hoteli na barabara kwa kasi ambayo njaa haijawahi kuileta.

Chukua Monrovia, 1979. Rais William Tolbert wa Liberia alikuwa mwenyeji wa mkutano wa Julai. Nje kidogo ya mji ikasimama Hotel Africa, na karibu yake nyumba za kifahari, kila rais na yake. Bwawa la kuogelea lilijengwa kwa umbo la bara letu. Mtu angeweza kupiga mbizi Cairo akaibukia Cape Town.

Miezi mitatu kabla ya wageni kufika, serikali hiyohiyo ilipendekeza kupandisha bei ya mchele. Kwa Waliberia mchele ndio ugali. Ukigusa bei yake umegusa kila sufuria. Serikali ilisema bei nzuri itawatia moyo wakulima wa ndani, nchi iache kutegemea mchele wa kuagiza. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Ila wananchi walikuwa wanaiona hoteli ikipanda ghorofa kwa ghorofa, na wapinzani wakasema jamaa za rais ni miongoni mwa watakaonufaika na bei mpya. Tarehe 14 Aprili watu waliingia barabarani. Polisi walifyatua risasi, makumi wakafa. Guinea ikatuma askari kumwokoa Tolbert. Mkutano ukabaki palepale kwenye kalenda.

Julai marais wakaja, wakalala vizuri, wakapitisha Azimio la Monrovia, ambalo pamoja na mengine liliahidi kwamba Afrika itajitosheleza kwa chakula. Naam, katika mji uleule. Mwaka uliofuata ahadi hiyo ikaingizwa kwenye Mpango wa Lagos. Tolbert hakuuona: aliuawa katika mapinduzi ya 12 Aprili 1980, akiwa bado mwenyekiti wa OAU.

Miaka 32 baada ya Monrovia, Umoja wa Afrika, mrithi wa OAU, ulikutana Guinea ya Ikweta, nchi ya mafuta. Pale Sipopo, karibu na Malabo, serikali ilikuwa imejenga nyumba 52 za kifahari, kila rais na yake, na uwanja wa gofu juu. Mkutano uliisha mwanzoni mwa Julai 2011. Tarehe 20 Julai Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Mkutano wa Umoja wa Afrika wa kuichangia Somalia uliahirishwa, ukaja kufanyika Addis Ababa tarehe 25 Agosti, na marais waliofika walihesabika kwa vidole. Kwa makadirio yaliyotolewa 2013, watu wapatao 258,000 walikufa.

Mwaka 2014 marais walirudi Sipopo, wakaahidi kumaliza njaa barani ifikapo 2025. Januari 2025 lilipitishwa azimio jipya Kampala, lenye mpango wa kufikia 2035.

Wenzangu darasani husema mikutano yote ni porojo. Sikubaliani nao, na sababu iko Dar es Salaam. Mkutano wa Addis Ababa wa 1963, uliounda OAU, uliunda pia Kamati ya Ukombozi. Kamati ile ilipewa makao, katibu na mfuko. Michango ilichelewa, nchi nyingine zilikwepa kabisa, lakini mpigania uhuru wa Msumbiji au Zimbabwe alijua mlango wa kugonga, na rais aliyekwepa alijua nani atamdai. Kamati ilifunga kazi 1994, baada ya Afrika Kusini kuwa huru.

Ahadi ya chakula haikuwahi kupata mdai wa namna hiyo. Ahadi ya Malabo, ni kweli, ilikaguliwa kila baada ya miaka miwili, nchi zikapewa alama kama wanafunzi. Aliyefeli alialikwa mkutano uliofuata, na chumba chake kilikuwa tayari.