Jinsi uvujaji wa mifereji ya hewa nyumbani unavyopimwa

Nyumba nyingi nchini Marekani hupashwa joto msimu wa baridi na kupozwa msimu wa joto kwa mitambo inayosukuma hewa hadi kila chumba kupitia mifereji ya bati au plastiki. Mifereji hiyo hufichwa darini au chini ya sakafu, na inapovuja aghalabu mwenye nyumba huona tu bili ikipanda. Energy Star, mpango wa serikali ya nchi hiyo, hukadiria kuwa kati ya asilimia 20 na 30 ya hewa hupotelea njiani.

Ili kupima, fundi huziba matundu yote ya vyumbani kwa kanda ya gundi, kisha huunganisha feni maalumu yenye kipimo. Feni husukuma hewa ndani ya mifereji hadi shinikizo lifikie paskali 25, kiasi hafifu kinacholingana na maji yenye kina cha milimita 2.5. Kwa kuwa hakuna tundu lililoachwa wazi, hewa yoyote ambayo feni hulazimika kuendelea kusukuma ili shinikizo lisishuke ndiyo inayovuja. Kanuni za ujenzi za mwaka 2012, ambazo kila jimbo lina hiari ya kuzikubali au kuzirekebisha, ziliweka kikomo cha futi 4 za ujazo kwa dakika kwa kila futi mraba 100 za sakafu.

Ajabu ni kwamba kanda ya kitambaa ambayo Wamarekani huiita kwa jina la mifereji hii haifai kuiziba. Mnamo 1998, watafiti Max Sherman na Iain Walker wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, waliijaribu pamoja na nyingine na kugundua kuwa hubanduka upesi kwa joto. Gundi nzito ya kupaka hudumu zaidi.

Hata hivyo, hasara ya fedha si hatari kubwa zaidi. Mfereji wa kurudisha hewa ukivuja karibu na hita ya gesi, huweza kuvuta moshi uliopaswa kutoka nje kupitia bombani na kuueneza vyumbani. Moshi huo huweza kuwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo pia huua wanaolala na jiko la makaa ndani. Ndiposa mafundi waangalifu hukagua bomba la hita kabla ya kuondoka.