Karatasi ya Pauni Mia

Nilipokuwa mtoto Tanga, silikanti kwetu hakuwa sayansi. Alikuwa malalamiko. Babu, mvuvi wa jarife upande wa Kigombe, alirudi akisema kuna dubwana linaingia nyavuni, zito, magamba kama vigae, na nyama yake ina mafuta hata ukiila tumbo linakuendesha. Hasara tupu. Baadaye nilisoma kwamba tangu Septemba 2003, alipovuliwa wa kwanza kuripotiwa Tanzania, hadi katikati ya 2005, zaidi ya 20 walinaswa katika pwani yetu, wengi wao Tanga. Jarife za papa zilikuwa zimeanza kutegwa kina kirefu, na huko ndiko anakoishi.

Wataalamu walidhani samaki huyu alitoweka zama za dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, akamkuta katika shehena ya meli ya uvuvi. Akamchora, akatuma mchoro kwa J.L.B. Smith. Matumbo yalikwishaoza na kutupwa, kwa hiyo Smith akahitaji samaki wa pili. Alimtafuta miaka 14.

Hapa ndipo ninapopapenda. Smith hakuwa na manowari. Alichapisha karatasi: picha ya samaki, na ahadi ya pauni 100. Mwaka 1952 nahodha Eric Hunt alikutana na Smith na mkewe Zanzibar, akachukua karatasi hizo kwenda nazo Komoro. Desemba, Ahamadi Abdallah wa Nzwani akavua samaki mkubwa kwa mshipi. Kesho yake sokoni Domoni, mwalimu Affane Mohamed akaufananisha mzoga na picha, akazuia usikatwe. Watu wakaubeba wakavuka nao milima hadi Mutsamudu, kwenye jahazi la Hunt. Smith alifika kwa ndege ya jeshi, akapiga magoti sitahani na kulia.

Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote. Walimwita gombessa. Vitabu vingi husema “aligunduliwa”, nami kila mara neno hilo hunichoma kidogo.

Mwaka 2009 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kaskazini mwa mdomo wa Mto Pangani. Kwenye maji hayohayo ulikuwapo mpango wa bandari mpya Mwambani. Mjini watu walibishana: samaki au ajira? Vijijini swali lilikuwa jingine kabisa, jarife tutaitega wapi? Sijamsikia mtu akilijibu vizuri. Ni rahisi kumpenda silikanti ukiwa huna wavu wa kulipia.

Likizo iliyopita nilimwonyesha Babu video kwenye simu: silikanti akiwa hai gizani, mapezi yakipishana kama miguu ya mtu anayetembea, la kulia mbele, la kushoto nyuma. Miaka yote ile aliwaona wakiwa wamekufa tu, wamevimba macho. Akaisogeza simu karibu na uso.

“Kumbe anakwenda taratibu hivi,” akasema.

Nikamsimulia habari ya Domoni. Akanikatiza.

“Hiyo karatasi iliandikwa kwa lugha gani?”

“Kiingereza, Kifaransa na Kireno, Babu.”

“Kiswahili?”

“Hapana.”

“Na Kingazija, Kinzwani?”

“Hapana.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Wanamtafuta samaki kwetu, sisi hawatuambii!”

Kisha akataka irudiwe. Mara ya tatu aliniomba niitume kwa mwenzake wa Mwarongo, waliyekuwa wakitega pamoja. Mtandao ulikuwa dhaifu, kiduara kikazunguka na kuzunguka. Babu akaichukua simu, akatoka nayo hadi chini ya mnazi ambako, alisema, inashika vizuri zaidi.