Herufi Bubu katika Tahajia ya Kiingereza: Masalia na Mapambo

Mwanafunzi anayekutana na neno la Kiingereza knight huiona k mwanzoni na gh katikati, wala hasikii hata moja. Aghalabu hukata kauli kwamba tahajia ya lugha hiyo haina mpango. Historia haiungi mkono kauli hiyo. Herufi bubu za Kiingereza zina asili tofauti, na mbili kati ya hizo zastahili kupambanuliwa.

Asili ya kwanza ni masalia ya sauti. Katika Kiingereza cha Kale neno hilo liliandikwa cniht na konsonanti zake zote zilitamkwa. H yake ilikuwa sauti ya mkwaruzo inayokaribiana na kh ya Kiarabu. William Caxton alipoanzisha uchapaji huko Westminster mwaka 1476, k hiyo ilikuwa ingali ikisikika. Ilififia katika karne ya 17, ilhali uchapaji ulikwisha kuizoesha jamii sura moja ya neno. Ulimi ulibadilika, maandishi yakabaki.

Asili ya pili ni mapambo ya wasomi. Neno dette lilitoka katika Kifaransa bila b. Wapenzi wa Kilatini waliipachika b hiyo ili neno lifanane na debitum, likawa debt. Katika island mambo yalikwenda kombo zaidi: neno iland ni la Kiingereza chenyewe, lakini lilidhaniwa kuwa na nasaba na isle, lenye asili ya Kilatini insula, likatiwa s isiyolihusu. Shakespeare aliikejeli tabia hiyo katika tamthilia ya Love's Labour's Lost, iliyochapishwa mwaka 1598. Mwalimu Holofernes analalamika kwamba watu hawaitamki b ya debt. Anadai ulimi utii herufi iliyozaliwa kalamuni.

Mjadala huu haukigusi Kiingereza peke yake. Kiswahili kilipokopa sign kiliandika saini, kikaiacha g isiyosikika. Lakini katika maneno ya Kiarabu, uchaguzi kati ya khabari na habari umewahi kuzua ubishi. Hapo hoja si nyepesi, kwa kuwa wapo wasemaji wanaoitamka kh. Kwao herufi hiyo si bubu. Hivyo basi, kabla ya kuitetea au kuifuta herufi yoyote kwa jina la asili, yafaa kuuliza kwanza: je, yupo anayeitamka, au imewekwa ili kuonyesha elimu ya mwandishi?