Gambusi: gogo moja na ngozi ya mbuzi

Kabla udi haujatawala taarabu, pwani ya Waswahili ilikuwa na gambusi, ala ya nyuzi yenye asili ya Yemen. Fundi alichukua gogo moja, akachonga humo shingo na tumbo kwa pamoja, akalikomba ndani, kisha akaliwamba ngozi ya mbuzi. Ngozi huvutwa ingali mbichi. Ikikauka hujikaza yenyewe, na hapo ndipo sauti inapopatikana.

Udi ni kazi nyingine kabisa: vibao vyembamba hupindwa kwa moto na kuunganishwa kwa gundi.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri. Muziki wake ulikuwa wa udi na fidla. Gambusi ikazidi kusukumwa pembeni, hasara kubwa kwa pwani yetu. Visiwani Komoro, wanakoiita gabusi, nyuzi zake siku hizi ni mshipi wa kuvulia samaki.